Mpira wa bluu nyuma ya mpira wa njano: Kerbal Space Program kama mwalimu wa ndege

Ndege yako imeruka vizuri. Imepanda, imepita kilomita 20, injini zimeacha kuvuta hewa na kugeuka roketi, na mwishowe imeingia obiti. Umejipigia makofi peke yako chumbani saa nane usiku. Sasa unarudi nyumbani. Umepunguza mwendo, umeingia angahewa pua ikiwa juu kidogo, na mara ndege inageuka ghafla, mkia mbele. Inaanza kupepesuka kama gazeti kwenye upepo, na dakika mbili baadaye wale watu wadogo wa kijani wamebaki kumbukumbu.

Kama umewahi kucheza Kerbal Space Program, hadithi hii unaijua. Kama hujawahi, usiondoke, maana makala haya hayahitaji uwe mchezaji. Nataka tuijadili gemu hii kama tunavyojadili kitabu cha kiada: inafundisha nini kuhusu mizani ya ndege, inafundisha vizuri kiasi gani, na wapi inampotosha mwanafunzi. Nina sababu ya kuuliza. Hapa kwenye blogu tumeshaisifia mara kadhaa, na mimi mwenyewe nimeitumia kufundishia. Siku moja ikaniaibisha mbele ya wanafunzi. Nitafika huko.

Kwanza utambulisho mfupi. Gemu ilitengenezwa na Squad, kampuni ya Mexico. Ilitoka kwa umma mara ya kwanza mwaka 2011, na toleo la 1.0 likafika Aprili 2015. Unaunda roketi na ndege kutoka vipande, kisha unazirusha kutoka sayari iitwayo Kerbin. Kabla ya toleo la 1.0, hesabu za hewa zilikuwa kichekesho: ukinzani wa hewa ulifuata uzito wa kipande, kwa hiyo kuweka pua iliyochongoka mbele ya ndege kulikuwa kuongeza mzigo tu. Toleo la 1.0 lilileta hesabu mpya, na kuanzia hapo umbo la ndege likaanza kuwa na maana. Tangu wakati huo watu wengi wamejifunza neno "obiti" kwenye gemu hii kuliko darasani, na hilo silipingi hata kidogo.

Sasa twende kwenye hanga. Ukiwa unaunda ndege, unaweza kubonyeza vitufe viwili na mipira miwili ikatokea. Wa njano unaonyesha kitovu cha uzito, yaani ile nukta ambayo ungeweza kuitundika ndege kwa kamba moja na isielemee upande wowote. Wa bluu unaonyesha kitovu cha kani ya kuinua, ile ambayo mabawa hutoa yanaposukuma hewa kwenda chini na hewa nayo kuyasukuma juu. Kila mchezaji mkongwe atakupa kanuni moja: mpira wa bluu uwe nyuma kidogo ya wa njano. Basi. Ukiuliza kwa nini, wengi watakujibu "jaribu kinyume chake uone."

Jibu lenyewe si gumu. Fikiria mshale. Kichwa cha chuma kiko mbele, manyoya yako nyuma. Uzito unatangulia, na kinachoshikwa na hewa kinafuata. Mshale ukiyumba kidogo, hewa inayasukuma manyoya na kuurudisha kwenye mstari. Ndege ni hivyo hivyo. Ikiwa hewani, kila mzunguko wake unafanyika kuzunguka kitovu cha uzito. Tuseme upepo umeinua pua kidogo. Mabawa sasa yanaikabili hewa kwa pembe kubwa zaidi, kwa hiyo yanainua zaidi. Hiyo nyongeza ikitokea nyuma ya kitovu cha uzito, inanyanyua mkia, pua inashuka, ndege inarudi ilipokuwa. Ikitokea mbele, inanyanyua pua zaidi, pembe inakua zaidi, nyongeza inakua zaidi, na kabla hujasema "mungu wangu" umeshapinduka.

Na ukiupeleka mpira wa bluu nyuma mno? Ndege inakuwa tulivu kupita kiasi. Unavuta pua juu, haitaki. Inakimbia njia yote ya kurukia, inamaliza lami, inaingia baharini ikiwa imetulia kabisa. Ndiyo maana kanuni inasema "kidogo". Kwenye ndege za kawaida za kweli, wahandisi huacha nafasi ya kama asilimia 5 hadi 15 ya upana wa wastani wa bawa, kupimwa kutoka ukingo wa mbele hadi wa nyuma.

Hapa lazima niisifie gemu kwa haki, maana kuna somo moja inalolifundisha kuliko mhadhara wowote niliowahi kukaa. Ni somo la mafuta. Hebu tupige hesabu ya ndege ya kubuni. Mwili na mabawa vina tani 6, kitovu chake kiko mita 8 kutoka puani. Injini zina tani 4, ziko mita 15 kutoka puani. Mafuta ni tani 10, na tangi lake liko mbele, mita 7 kutoka puani. Kitovu cha ndege nzima ikiwa imejaa ni 6 mara 8, jumlisha 4 mara 15, jumlisha 10 mara 7, kisha gawanya kwa 20. Unapata mita 8.9. Unaweka mabawa ili mpira wa bluu ukae mita 9.6. Uko nyuma kwa sentimita 70, safi kabisa.

Sasa choma mafuta yote. Zimebaki tani 10, na kitovu ni 48 jumlisha 60, gawanya kwa 10. Mita 10.8. Mpira wa njano umerudi nyuma karibu mita mbili na kuupita wa bluu. Hakuna kilichovunjika wala hukukosea kurusha. Ndege iliyoondoka ikiwa mshale imerudi ikiwa mshale uliogeuzwa, manyoya mbele. Yule rubani wa saa nane usiku aliangushwa na hesabu hii hii.

Dawa nayo iko ndani ya hesabu. Hamisha tangi hadi kitovu cha mafuta kikae mita 10.8, pale pale kilipo kitovu cha ndege tupu. Ndege ikijaa ni 10.8, ikiwa nusu ni 10.8, ikiisha ni 10.8. Sogeza mabawa hadi mpira wa bluu uwe mita 11.3, ukalale. Kwenye hanga ya gemu unaweza kuvuta kipimo cha tangi kutoka limejaa hadi limeisha na kuutazama mpira wa njano ukitembea. Mwanafunzi akiuona mara moja, hasahau. Kwa hilo peke yake, ningewapa watengenezaji maksi nzuri.

Sasa lawama.

Wikendi moja nilikuwa na kikundi cha wanafunzi wa sekondari. Laptopu moja, vichwa kumi na kitu vimeizunguka. Nilikuwa nimewaonyesha mipira miwili, nimechora mshale ubaoni, nimejisikia mwalimu kwelikweli. Halafu msichana mmoja wa kidato cha tatu akaniuliza: "Kaka, sasa kama kinachoinua kiko nyuma ya uzito, mbona pua haidondoki?"

Nilifungua mdomo nikaufunga. Jibu nililijua, nililisoma mwaka wa tatu wa shahada. Lakini mbele yangu palikuwa na picha inayolikanusha, na picha hiyo niliileta mimi.

Angalia alichokiona. Chukua mti mrefu, uinue kwa kidole kimoja kilichowekwa nyuma ya katikati. Upande wa mbele utaanguka. Kama kani yote ya kuinua kweli inafanya kazi nyuma ya kitovu cha uzito, ndege lazima itumbukize pua. Ndege inayopaa kwa utulivu, bila kuzunguka, ni lazima jumla ya kani za hewa ipite kwenye kitovu cha uzito chenyewe, tukiacha kando msukumo wa injini. Haiwezi kuwa vinginevyo. Ingekuwa vinginevyo, ingekuwa inazunguka.

Kwa hiyo mpira wa bluu ni nini hasa? Hapa ndipo gemu inachanganya maswali mawili kwenye alama moja. Swali la kwanza: je, ndege imesawazika sasa hivi? Hilo linategemea mahali inapopita jumla ya kani zote. Swali la pili: je, ikisukumwa itarudi? Hilo linategemea mahali inapotua nyongeza ya kani pale pembe inapobadilika. Kwa Kiswahili cha dukani, la kwanza ni salio la akaunti yako leo, la pili ni kama kila mwezi unaongeza au unapunguza. Mtu anaweza kuwa na jibu zuri kwa moja na baya kwa lingine. Kanuni ya "bluu nyuma ya njano" ni jibu la swali la pili. Jina "kitovu cha kuinua" ni jina la swali la kwanza. Mwanafunzi makini lazima achanganyikiwe, na yule msichana alikuwa makini.

Anayeshika pua isidondoke ni mkia. Kwenye ndege nyingi, bawa dogo la nyuma linasukuma chini. Linafanya kazi kama mtu aliyekaa upande wa pili wa bembea. Mabawa makubwa, nyuma ya kitovu, yanataka kushusha pua, na mkia unaosukuma chini unaipandisha. Vikilingana, ndege inasawazika. Na kuna gharama: kani ya mkia inayosukuma chini lazima ibebwe na mabawa makubwa, na kila kani unayoitoa hewani unailipia kwa ukinzani. Hii ndiyo sababu wahandisi hawapendi mpira wa bluu uwe mbali sana nyuma. Ni sababu hiyo hiyo ndege ya kivita F-16, iliyoruka kwa mara ya kwanza mwaka 1974, ilibuniwa makusudi bila utulivu huo wa asili, kompyuta ikapewa kazi ya kuishika kila sekunde.

Je, kwenye gemu nani anasukuma mkia chini? Wewe, kwa kidole kwenye kitufe. Au msaidizi wa kielektroniki uliyemwasha, ambaye anachezesha mabawa madogo bila kukuambia. Na si huyo peke yake. Vyumba vya marubani kwenye gemu vina magurudumu ya ndani yanayoigeuza ndege bila kugusa hewa kabisa. Kwenye satelaiti za kweli magurudumu hayo yapo, lakini nguvu yake ni ndogo mno. Ya gemu yana nguvu za ajabu. Matokeo yake ni kwamba ndege mbovu inashikwa mkono kama mtoto anayejifunza kutembea, hadi siku hewa inapokuwa nzito na mkono ukateleza. Mwanafunzi anaona ajali ya ghafla. Ukweli ni kwamba ndege ilikuwa inaanguka tangu mwanzo, ila ilikuwa inafichwa.

Lawama ya pili ni kwamba mpira wa bluu hausogei ndege ikizidi kasi ya sauti. Wa kweli unasogea, na sana. Kwenye bawa bapa linalokwenda polepole, kani inatua kama robo ya upana wake kutoka ukingo wa mbele. Likizidi kasi ya sauti, inahamia karibu na nusu. Waliounda Concorde walilijua hili vizuri. Ndege ile ilipoharakisha kuelekea Mach 2, kitovu cha kuinua kilirudi nyuma karibu mita 2. Rubani hakuweza kuisahihisha kwa mkia tu bila kula mafuta ovyo (hata hivyo Concorde haikuwa na bawa dogo la nyuma). Kwa hiyo walihamisha mafuta yenyewe. Pampu ziliyapeleka kwenye tangi la nyuma wakati wa kuongeza kasi, na kuyarudisha mbele wakati wa kushuka. Mpira wa njano ukaufuata wa bluu. Kumbuka tatizo letu la tangi: kwa mchezaji mafuta ni adui wa mizani, kwa Concorde yalikuwa ndiyo usukani. Gemu ina uwezo wa kuhamisha mafuta kati ya matangi, lakini kwa kuwa mabawa yake hayahami, inakunyima sababu nzuri kuliko zote ya kufanya hivyo.

La tatu linahusu kurudi kutoka obiti. Kerbin ni sayari ndogo, nusu kipenyo chake ni kilomita 600 tu, na obiti ya chini unaizunguka kwa kama mita 2,200 hadi 2,300 kwa sekunde. Duniani ni kama 7,800. Kwa kila kilo ya ndege, nishati ya kumaliza ni takriban mara 12. Kwenye kasi hiyo hewa yenyewe inabadilika tabia, molekuli zinapasuka kwa joto. Aprili 1981, Columbia ilipokuwa inarudi kwenye safari ya kwanza ya Space Shuttle ikiwa na John Young na Robert Crippen, pua yake ilitaka kupanda kuliko hesabu zilivyosema. Kibamba cha nyuma chini ya injini kilitarajiwa kushuka nyuzi kama 7.5 ili kuisawazisha. Kilihitaji kama 16. Walirudi salama kwa sababu nafasi ilikuwepo. Wale walikuwa wahandisi bora wa zama zao, wakiwa na vyumba vya upepo na kompyuta, na bado mpira wao wa bluu ulikuwa mahali pengine.

Kuna kisa kimoja ambacho gemu inakibeba ndani yake bila kukisimulia. Injini maarufu kuliko zote kwa ndege za anga za juu kwenye gemu, ile inayovuta hewa chini na kugeuka roketi juu, inaitwa RAPIER. Wazo lake linatokana na injini SABRE ya kampuni ya Kiingereza Reaction Engines, iliyokusudiwa kwa ndege iitwayo Skylon. Kabla ya Skylon kulikuwa na HOTOL, mradi wa miaka ya 1980 wa British Aerospace na Rolls-Royce. HOTOL iliweka injini nyuma kabisa kama roketi. Injini ni nzito, kwa hiyo kitovu cha uzito kilikaa nyuma, na kani za hewa zilihama katika safari. Kila walichoongeza kuisawazisha kilikula mzigo ambao ndege ingebeba. Alan Bond na wenzake walipoanza upya, walizitoa injini mkiani wakaziweka kwenye ncha za mabawa, karibu na katikati. Mzigo nao ukakaa katikati. Umeliona kosa? Ni lile la ndege yetu ya tani 20: injini nyuma, mafuta mbele. Skylon haikujengwa, na Reaction Engines ilifilisika Oktoba 2024. Lakini mchezaji anayehamisha RAPIER zake kutoka mkiani kwenda kwenye mabawa, baada ya ajali ya tano, amepita njia ile ile. Ningependa gemu imwambie hivyo.

Je, niikatae? Hapana. Ila sitaiacha tena ifundishe peke yake. Kuna nyongeza ya mashabiki iitwayo Ferram Aerospace Research, inayobadilisha hesabu za hewa. Badala ya mpira tu, unapata grafu, na unaweza kuuliza ndege itafanyaje kwa kasi hii na pembe hii. Ni ngumu kwa anayeanza, sikatai, lakini inauliza swali sahihi: je, ikisukumwa itarudi? Hata bila nyongeza, bonyeza F12 ukiwa angani na mishale ya kani itatokea kwenye kila kipande. Zima yule msaidizi wa kielektroniki. Zima magurudumu ya ndani. Isukume pua juu kidogo, uachie, uhesabu hadi tano. Kisha rudia matangi yakiwa yameisha. Dakika hizo tano zitakufundisha kuliko mpira wa bluu kwa mwezi mzima.

Na yule msichana? Sikumjibu kwa maneno. Tulikata ndege ya karatasi ngumu, tukabandika sarafu ya shilingi 200 puani. Ikatumbukia, kama alivyosema. Kisha nikamwambia akunje ukingo wa nyuma wa mkia juu kidogo, kama milimita tatu. Akairusha tena. Ikapaa hadi ukutani kwa mstari ulionyooka, akaifuata, akaiokota, akautazama ule mkunjo. "Kumbe huu ndio unaoshikilia," akasema. Halafu akaiondoa sarafu, aone itakuwaje.